Nani Anawashiwa Hita?

Kwa aliyenikosa wiki jana nitasema kwa kifupi, maana mengine yanauma kuyarudia. Kiwanda cha mboga za chumvi nilichokifanyia kazi tangu usichana kilifungwa. Siku niliyokwenda kuchukua vitu vyangu niliteleza kwenye barafu ya mlangoni, nikavunjika mkono. Basi mimi, Kinuyo, niliyezoea kutoka nyumbani kabla ya jua, nikajikuta nimekaa tu hapa Hirosaki, kaskazini mwa Japani, mkono kwenye plasta, theluji imepanda hadi madirishani, namtazama mume wangu anavyoingia na kutoka.

Na mtu akikaa nyumbani bila kazi, anaona mambo.

La kwanza nililoliona ni mafuta.

Mume wangu Yasuhide ni mwalimu wa udereva. Gari letu ni haibridi, lile lenye injini ya petroli na mota ya umeme zinazopokezana kazi, na yeye hulibembeleza kuliko alivyowahi kunibembeleza mimi.

"Kanyaga kama unamkanyaga paka aliyelala," huwaambia wanafunzi wake. "Paka akiamka, umeshamwaga mafuta."

Taa ikiwa nyekundu kule mbali, yeye ameshaondoa mguu. Gari linateleza lenyewe. Breki anaigusa kidogo kidogo, mapema, ili ile nguvu irudi kwenye betri badala ya kupotea kwenye magurudumu. Upepo wa matairi anaupima mwenyewe. Kwenye buti hataki kuona hata mwavuli. Ana chama chake cha wanaume wazima wanaoshindana nani atakwenda mbali zaidi kwa lita moja, na bingwa wao ni yeye.

Lakini adui yake mkubwa ni hita.

"Hita ni mwizi, Kinu," ameniambia tangu tununue gari hilo. "Ukiiwasha, injini lazima iamke ichemshe maji, hata ukiwa umesimama kwenye taa. Unachoma petroli ili upashe pua. Washa joto la siti, basi. Pasha mwili, usipashe hewa."

Kwa hiyo kila majira ya baridi nimepanda gari hilo na koti, skafu na glovu, pumzi yangu ikitoka kama moshi wa birika. Nimekwenda hivyo msibani. Nimekwenda hivyo harusini, vidole vya miguu vimekufa ndani ya viatu vya sherehe. Sikulalamika sana. Nilijisemea, wanaume wengine wanakunywa, wangu anabana mafuta.

Sasa jioni moja amerudi, yuko bafuni, nikaingia garini kutafuta miwani yangu. Nikabonyeza swichi ya kuwasha.

Hewa ya moto ikanipiga usoni kama nimefunua sufuria ya wali.

Feni ilikuwa mwisho kabisa. Kipimo cha joto kimewekwa juu kuliko tunavyoweka sebuleni. Nikatazama kioo cha dashibodi. Mwaka jana, theluji ikiwa hii hii, lita moja ilimpeleka kilomita ishirini na mbili na akanijazia watu nyumbani kusherehekea. Sasa kilisoma kumi na tano.

Nilikaa pale nikiwa nimeshika usukani kwa mkono mmoja. Sikuwaza mafuta. Niliwaza hivi: miaka yote nimeganda mimi. Sasa ni nani huyu anayewashiwa hita?

Mezani nilimwanza taratibu.

"Mafuta yanakwendaje siku hizi?"

Hakuinua macho kutoka kwenye bakuli la supu. "Baridi tu. Mwaka huu ni kali."

"Mwaka jana tulichimba theluji kwa koleo kulifikia gari."

"Na matairi ya theluji ni mazito."

"Kwani mwaka jana gari lilivaa ndara?"

Mama yangu akacheka hadi akapaliwa. Mama anaishi nasi. Ni mzee lakini mkakamavu, na majira haya ya baridi ameanza mazoezi ya wazee kwenye ukumbi wa mtaa. Huondoka na gari la wenzake, hurudi mashavu mekundu kama tufaha.

"Mwache mwanamume wa watu ale," akaniambia. "Umevunjika mkono, mdomo je? Ungevunjika huo tungepumzika."

Lakini nilimwona Yasuhide akimtazama Mama kwa shukrani, na hilo nikaliweka moyoni.

Siku chache baadaye nilikuwa dukani nikichagua kababu za ngisi. Mtu akaniita. Alikuwa Bwana Narita, mwenyekiti wa kile chama cha wabana mafuta.

"Shemeji! Pole na mkono. Bingwa wetu yuko wapi? Au ameona tutamshinda?"

"Si yuko mazoezini kwenu? Juzi alisema anakuja kwenu."

Bwana Narita akajikuna shingo. "Kwetu? Shemeji, tangu mavuno ya matufaha hatujamwona." Kisha akaona uso wangu, akaongeza haraka, "Labda mimi ndiye sikuwepo. Hivi vitu vyangu vinayeyuka, ngoja nilipe." Kikapuni alikuwa na vitunguu.

Wasomaji wangu, hapa naanza kuungama. Niliyoyafanya baada ya hapo si ya mke mwenye heshima.

Nilinusa siti. Zote. Mbele hapakuwa na kitu. Nyuma palikuwa na harufu ya dawa, kama ya hospitali, kama ya sabuni kali. Pembeni ya siti ya nyuma kuna tundu dogo linalovuta hewa ya kuipooza betri. Yasuhide huwa analisafisha mwenyewe kwa brashi, kwa sababu likiziba, betri inachemka, inachoka, na kazi yote inabaki kwa injini. Siku hizo feni yake ilikuwa inavuma. Nikainama na tochi. Tundu lilikuwa limejaa nyuzi za sufu, nyeupe, laini.

Hatuna mtoto. Nyuma hapakai mtu. Na katika nyumba yetu hakuna mwenye vazi jeupe la sufu.

Nikatega mtego. Gari hilo lina vipimo viwili vya umbali wa safari. Yeye hutumia cha kwanza tu. Nikakirudisha cha pili kwenye sifuri, nikafunga mlango taratibu.

"Leo umefika wapi?" nikamuuliza aliporudi.

"Shuleni na kurudi. Halafu kidogo chamani."

Shuleni na kurudi ni mwendo wa kuchemsha chai. Kipimo kilisema amekwenda hadi mji wa pili na kurudi.

Nilimpigia simu Chikage. Huyu ni mdogo wake Yasuhide, ana saluni ya nywele karibu na kituo cha treni, na ulimi wake ni mkali kuliko mikasi yake. Nilidhani atamtetea kaka yake.

"Wifi," akasema, "kwa hiyo kaka yangu, yule aliyeninyima hita siku nina homa, anampashia mtu hewa?"

"Ndiyo."

"Basi huyo mtu anampenda kweli. Lini anatoka tena?"

"Kesho, baada ya chakula cha mchana."

"Nafunga saluni. Akiwa na hatia nitamnyoa mwenyewe, bila maji."

Mnadhani kumfuata mtu kwa gari ni rahisi. Mfuateni basi anayebana mafuta.

Yasuhide alitoka mtaani kama jeneza linavyobebwa. Chikage ana kigari kidogo cha manjano na mguu mzito. Kila dakika tulikuwa karibu kumgonga kwa nyuma.

"Anaendesha au anasukuma?" Chikage akafoka.

"Punguza! Atatuona."

"Nikipunguza zaidi nitarudi nyuma, wifi!"

Malori yalitupita yakipiga honi. Mama mmoja mwenye baiskeli alitutazama kwa huruma. Njiani kuelekea mji wa Kuroishi taa zilikuwa kijani, zikageuka, na Yasuhide kama kawaida alishaziona tangu mbali, akateleza polepole, akasimama.

Ndipo Chikage akanishika paja.

"Wifi. Tazama bomba lake."

Nilitazama. Gari limesimama. Injini yake ilipaswa kuwa imezimika, ndiyo raha yote ya gari la namna hiyo. Lakini nyuma, kwenye baridi ile, mvuke mweupe ulikuwa unatoka bila kukoma.

"Ameiwasha hita," nikasema. "Yuko peke yake na ameiwasha."

"Kwa nini sasa, kama yuko peke yake?"

Jibu lilinijia kabla hajamaliza kuuliza, na lilinichoma kuliko yote niliyoyaona hadi siku hiyo. Alikuwa analipasha gari moto kabla hajafika. Huyo mtu, yeyote yule, hakutakiwa ahisi baridi hata ya kufungua mlango.

Nililia, siwafichi. Chikage akanipa taulo la saluni lenye nywele za watu.

Aliingia kwenye uwanja wa jengo la ghorofa mbili, akaegesha karibu kabisa na mlango, akashuka, akaliacha gari linaunguruma. Chikage aliegesha kando, akasoma kibao.

"Hii si nyumba ya wageni, wifi. Ni kliniki ya figo. Hapa watu wanakuja kusafishwa damu."

"Basi ni muuguzi."

"Au ni mgonjwa. Au..." Akanigeukia, macho yamemtoka. "Au ni kaka yangu anayeumwa!"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Hasira yote ikageuka hofu. Nilishuka nikakimbia kwenye theluji na mkono wangu wa plasta, nikafungua mlango wa mbele wa gari letu, nikaingia nikakaa.

Lilikuwa na joto kama chumba cha mtoto mchanga. Kumbe gari letu linaweza kuwa hivi.

Mlango wa kliniki ukafunguka. Yasuhide alitoka akisukuma kiti cha magurudumu. Ndani yake hakukuwa na mwanamke. Alikuwa mzee, mwembamba, amefunikwa blanketi jeupe la sufu hadi kidevuni, midomo ya buluu, anatetemeka kama mtu aliyeopolewa ziwani.

Yasuhide aliniona kupitia kioo. Akasimama.

Nikashuka. "Huyu ni nani?"

"Kinu, tulia kwanza. Tumwingize garini. Wakitoka kusafishwa damu wanasikia baridi sana, hawezi kukaa nje."

"Nimekuuliza huyu ni nani."

Yule mzee akageuza kichwa ili anione, kofia yake ikasogea. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjika kwa juu, kama ukurasa uliokunjwa pembe. Hilo sikio ninalo mimi. Tangu shuleni nafunga nywele kulificha.

Nilikuwa na miaka saba baba yangu alipotoka nyumbani asirudi. Mama alisema amekwenda, na tangu hapo jina lake halikutajwa ndani. Picha yake iko kwenye madhabahu ya marehemu pale nyumbani. Kila asubuhi naiwashia ubani. Asubuhi ile pia niliwasha.

"Huyu amekufa," nikamwambia Yasuhide. Ndilo neno pekee lililotoka.

"Bado," yule mzee akasema kwa sauti ndogo. "Lakini nikikaa hapa kidogo tu zaidi, utakuwa umesema kweli."

Tulimwingiza garini. Nilisaidia kwa mkono wangu mzima, sijui kwa nini. Yasuhide alifunga mlango, akanivuta kando, maneno yakamtoka kwa kasi ambayo hajawahi kuendesha nayo gari.

"Alikuja shuleni kwetu msimu wa majani kuanguka, kwenye darasa la madereva wazee. Nikasoma jina, nikaona sikio. Macho yamekwisha, Kinu, hawezi kuendesha tena. Akarudisha leseni. Anaishi peke yake, na kliniki ni mara tatu kwa wiki. Nikasema nitamleta mimi. Akaniomba nisikuambie. Ndiyo hiyo tu, naapa. Msimu huo ndiyo mara ya kwanza kumtia machoni maishani mwangu."

"Na uliamua kunitazama nikiwasha ubani."

"Nilishindwa pa kuanzia."

Chikage alikuwa amesimama nyuma yetu na lile taulo. "Mimi naona nirudi saluni," akasema, lakini hakuondoka.

Hapo ndipo nikasikia sauti ninayoijua kuliko zote duniani.

"Yasuhide! Mmesahau viatu vyake."

Mama yangu alitoka kwenye mlango wa kliniki amebeba viatu vya mzee na chupa ya chai. Alivaa zile suruali zake za mazoezi ya wazee. Mashavu yalikuwa mekundu kama tufaha.

Aliponiona hakushtuka. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Alitazama plasta yangu, akatazama viatu vyangu vilivyolowa.

"Utaugua," akasema. "Ingia garini."

"Mama. Mazoezi ya wazee?"

"Kusukuma kile kiti ni mazoezi."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu matufaha. Mumeo hawezi kunificha kitu, anakosa usingizi. Nilimbana jikoni akasema."

"Na uliniacha nidhani ana mwanamke! Ulikaa pale mezani ukanicheka!"

"Ningefanyaje, nilie? Kucheka kulikuwa rahisi."

"Uliniambia amekufa!"

"Nilikuambia amekwenda." Mama alisema hivyo taratibu, akaniangalia usoni. "Picha madhabahuni uliiweka wewe, ulipokuwa darasa la tatu. Nilirudi kutoka kazini nikakuta umeshawasha ubani, umefumba macho. Nikaona, mtoto amepata pa kumweka baba yake. Nikakuacha. Twende, anasubiri."

Sikuwa na pa kwenda. Nikapanda mbele. Mama alikaa nyuma, akamkunja mzee lile blanketi miguuni bila kusema, kama mtu anayekunja nguo zake mwenyewe. Yasuhide aliketi kwenye usukani lakini hakutia gia. Hita ilivuma. Hakuna aliyeizima.

Nilikuwa natafuta neno la kumwambia mtu ambaye nimemwombea pepo tangu utoto.

Yeye ndiye aliyeanza.

"Sauti yako imekuwa nzito," akasema. "Siku ya harusi ilikuwa nyembamba. Ulisoma ile barua ya bibi harusi ya kuwashukuru wazazi mpaka nikaacha kazi nikasikiliza."

Niligeuka. "Harusi ya nani?"

"Yako. Pale hotelini. Nilikuwa nyuma jikoni, naosha vyombo. Mlango uliachwa wazi kidogo ili nione."

Mkono wa Mama ulisimama juu ya blanketi.

"Uliachwa wazi na nani?" nikauliza.

"Na huyu." Mzee akaonyesha kwa kidevu kisogo cha mume wangu. "Ndiye aliyenipatia ile kazi ya siku moja. Aliniambia, mtoto wako akiolewa lazima umwone, hata kama yeye hakuoni."

Muda mfupi tu ulikuwa umepita tangu Yasuhide aniapie kwamba alimtia machoni mara ya kwanza msimu huu wa majani kuanguka. Na harusi yetu ina miaka ishirini.

"Yasuhide," Mama akasema, na sauti yake haikuwa tena ya kucheka. "Hilo hukuniambia jikoni."

Nilimtazama mume wangu. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, imenyooka, kama anavyowafundisha wanafunzi. Nilikumbuka tulivyokutana: mgeni aliyekuja kiwandani kununua mboga za chumvi, akarudi kesho yake, akarudi tena, na miaka yote nimesimulia watu kwamba ilikuwa bahati.

"Ulimjua kabla yangu," nikamwambia. "Uliponijia pale kiwandani, ulikuwa unanitafuta. Niambie, Yasuhide. Ulinipenda ukanioa, au kuna mtu alikutuma?"

Yasuhide hakunitazama mimi. Aliinua macho kwenye kioo cha ndani, akamtazama mzee aliyeketi nyuma, kama mtu anayeomba ruhusa.